Idengo, mchimbaji asiye na PDG

Pale machimboni, upande wa Manguredjipa, kuko saa moja ya asubuhi ambayo kila mchimbaji anaijua. Pompi ya kuvuta maji inaanza kunguruma, wenye kushuka wanakaza kamba, na kijana mmoja anaweka bafle yake juu ya mfuko wa mchanga. Kwa miaka mingi sauti iliyotoka ndani ya bafle ile mara nyingi ilikuwa ya Delcat Idengo. Tulishuka nayo, tulipanda nayo. Wengine wetu tunajua maneno yake kuliko tunavyojua sheria ya madini, na hiyo si sifa kwetu watu wa sendika.

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano hapa Butembo wa kuhesabu michango. Kazi kavu: daftari, kalamu, na wale wale ambao hawalipaka. Kijana mmoja wa kubeba mifuko alikuwa nyuma na telefone yake, wimbo unalia chini chini. Mwenye kiti akamwambia azime. Kijana akazima, halafu akasimama akauliza: «Wakubwa, tangu tunamusikiliza huyu ndugu, tulimulipaka ngapi?» Papa mmoja akacheka, akasema nyimbo zinakuyaka bure kwa telefone. Kijana akarudisha: «Na mawe je, yanatokaka bure ndani ya shimo?»

Hakuna aliyemjibu. Tulirudi kwenye daftari. Lakini swali lile lilitufuata mpaka nyumbani, na ndiyo maana tunaandika leo.

Jina lake la nyumbani lilikuwa Delphin Katembo Vinywasiki. Katembo, kwetu Wanande, ni jina la mtoto wa kiume wa tano. Kila timu ya shimo inakuwaka na Katembo wawili au watatu, ukiita mmoja wanageuka wote. Huyu hakuchimba dhahabu. Aliimba. Alitunga mwenyewe, akaimba mwenyewe, na hakukuwa kampuni kubwa ya muziki nyuma yake ya kumwambia neno hili weka, neno hili toa. Aliimba juu ya mauaji ya Beni, yale yaliyoanza Oktoba 2014 na hayajaisha mpaka leo. Aliimba juu ya wanasiasa. Wimbo wake mmoja uliitwa «Politiciens escrocs», na mtu wa hapa hahitaji kamusi ya Kifaransa kuelewa jina hilo, ameshaonana nao wakati wa kampeni.

Wale wa Kinshasa wanashangaa kwa nini huku kwetu mwimbaji anaimba sawa vile anatoa ushahidi mbele ya jaji. Wangeishi hapa wasingeshangaa. Desemba 2018 nchi nzima ilikwenda kupiga kura, sisi wa Beni na Butembo tukaambiwa tungoje mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Machi ilipofika, Rais alikuwa ameshaapishwa tangu Januari. Lakini siku ile ya tarehe 30 Desemba watu wa Beni hawakukaa nyumbani. Walipanga mistari, wakanawa mikono sawa vile Ebola inaamuru, wakatumbukiza karatasi zao ndani ya masanduku yao, wakahesabu kura zisizohesabiwa na mtu mwingine yeyote. Ule ulikuwa mchezo wa kuigiza mkubwa kuliko wote tuliowahi kuona, na hakuna aliyelipa tiketi. Aprili 2021 tena, wanafunzi wa Beni waliacha shule wakaenda kulala kwenye uwanja wa meria siku kadhaa, wakisema Rais aje aone. Watoto wa shule! Mwimbaji anayetoka ndani ya mji kama huo ataimba nini? Mapenzi peke yake?

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe, maana wengi wetu tunaona klipu tu hatuoni shimo lake.

Msanii wa Butembo au Beni asiye na mtu wa kumshika mkono anaanza na makuta yake. Analipa studio, mara nyingi chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele za motari. Analipa mtu wa kutengeneza mdundo. Analipa mwenye kamera, na siku ya kupiga klipu analisha wote walio mbele ya kamera. Umeme ukikatika, siku imekwisha na pesa haitarudi. Wimbo ukitoka anautupa kwenye telefone za watu, unatembea kwa WhatsApp kutoka Mususa mpaka Mulekera kabla ya mchana. Kijana wa kibanda anayetia nyimbo ndani ya karte memwari analipwa. Kampuni ya telefone inayouza mega inalipwa. Mwenye bar anayewasha bafle ili watu wanywe, analipwa kwa chupa. Aliyetunga anabaki na jina. Jina linamletea produksyo hapa na pale, yaani anaitwa kuimba kwenye uwanja au kwenye sherehe, na hapo ndipo anaonaka kitu kidogo cha kupeleka nyumbani, kama mwenye kuita amekubali kulipa baada ya kucheza.

Mchimbaji yeyote akisoma hivyo anajitambua. Sisi pia tunaingia shimoni na nguvu zetu, tunatoka na kitu ambacho thamani yake inajulikana pale kwa negosiani na kontuari, si pale kwetu. Na sisi pia tuko na njia mbili tu. Njia ya kwanza ni PDG. Yeye analeta miti ya kushika shimo, analeta pompi, mchele, maharagwe, na siku mawe yanatoka anakata yake kwanza. Unachimba ndani ya deni. Huwezi kusema shimo hili ni baya, kwa sababu tumbo lako liko ndani ya daftari lake. Njia ya pili ni kuchimba peke yako bila mtu, ukubali njaa, na udongo ukianguka hakuna anayejua jina lako la pili.

Wanamuziki wa nchi yetu wana PDG wao. Kule Kinshasa wanaita «mabanga», neno la Lingala la kusema mawe: mwimbaji anataja jina la tajiri au mkubwa katikati ya wimbo, na mkubwa analipa. Anatupa jiwe, anapata pesa. Tunacheka kidogo tukifikiri: sisi tunavunja mawe ya kweli na hatulipwi, wao wanatupa mawe ya mdomo na wanajenga nyumba. Lakini tusiwahukumu mbio mbio. Katika nchi ambayo disko moja inanakiliwa mara elfu bila mtunzi kuona hata franga, libanga lilikuwa mshahara. Tatizo ni kwamba aliyelipwa kumtaja mkubwa hawezi kesho kumuuliza mkubwa yule barabara yetu iko wapi.

Idengo pia aliwataja wakubwa, ila hakuna mkubwa ambaye angelipa kutajwa namna ile.

Si yeye wa kwanza kuimba Kiswahili karibu na mashimo. Wazee wetu wanaokumbuka redio ya zamani wanamjua Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi, mji wa madini. Gita moja tu na sauti yake, na wimbo ule «Masanga» ukatembea mpaka Ulaya. Wanamjua Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyekwenda Dar es Salaam mwaka 1978 na kuwa sauti ya walalahoi wa huko mpaka Watanzania wakamfanya wao. Na Franco mwenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, Mobutu alimtia gerezani mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo. Lakini Franco alikuwa na orkestra nzima, alikuwa na mali na marafiki, na baada ya gereza alirudi jukwaani. Tunasema hivyo ili msomaji aone tofauti: mwimbaji mwenye ukuta nyuma yake akisukumwa, anaegemea ukuta.

Ukuta wa Idengo ulikuwa nani? Tulikuwa sisi, tunaomsikiliza. Na hapa lazima tuandike yale ambayo hatupendi kuandika.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya état de siège. Gavana akawa jenerali, meya akawa mtu wa polisi, na mashtaka ya raia yakahamishiwa kwa majaji wa kijeshi. Tuliambiwa ni kwa muda mfupi, ili kumaliza vita. Wengi wetu tulipiga makofi, tusidanganyane leo. Tulikuwa tumechoka kuzika. Miezi sita baadaye, mwanzoni mwa Novemba 2021, tribinali ya kijeshi kule Beni ikamhukumu Idengo miaka kumi ya gereza kwa sababu ya maneno ya nyimbo zake, kwamba amelidharau jeshi. Mwenzake Muyisa Nzanzu Makasi, mwimbaji pia, akapata miaka miwili. Miaka kumi kwa wimbo. Tumeona mtu akiua mwenzake kwa chepe machimboni akatoka kabla ya miaka hiyo.

Mwezi ule ule, tarehe 9 Novemba, Komisyo ya sensa kule Kinshasa ikakataza wimbo «Nini Tosali Te» wa vijana wanaojiita MPR, wimbo unaouliza uhuru umetuletea nini. Kelele ikapanda kila mahali, Kinshasa nzima ikawa inauliza, na siku mbili hazikupita wimbo ukaruhusiwa. Tunawapongeza vijana wale, wimbo wao ni mzuri na tunaupiga. Lakini pima mwenyewe: Kinshasa mwimbaji anazuiwa siku moja na waziri anaamka usiku; Beni mwimbaji anapewa miaka kumi na nchi inaendelea kunywa chai. Katiba ni moja. Kifungu cha 23 kinachosema kila mtu ana uhuru wa kutoa maoni hakina mstari wa chini unaosema «isipokuwa Grand Nord».

Na sisi? Sendika yetu ilifanya nini Novemba ile? Hakuna. Kulikuwa watetezi wa haki za binadamu na vijana wa mavuguvugu ya raia waliopaza sauti, tunawaheshimu kwa hiyo. Sisi tuliitana jioni moja, watu saba ndani ya nyumba, mapazia chini. Mmoja akaleta barua ameshaiandika, ukurasa moja, ya kuomba mwimbaji ahukumiwe na jaji wa raia. Ilikuwa barua ya adabu kabisa. Tukaisoma. Mmoja akasema, tukiweka muhuri wetu kwenye karatasi hii, kesho watasema sendika ni ya waasi, na watafunga machimbo. Mwingine akasema, huyu si mchimbaji, ana watu wake. Tukakubali kwamba ana watu wake. Barua ikarudi mfukoni. Tulikwenda kulala, na asubuhi bafle ikaimba tena.

Ana watu wake! Watu gani? Tulikuwa tunasema juu ya sisi wenyewe bila kujua.

Kuko ndugu watakaosoma hapa na kukasirika. Watasema: yule kijana alitukana askari, na askari wanakufa porini kwa ajili yetu. Hoja hiyo ni nzito na hatutairuka. Kuko familia za wachimbaji zenye mtoto jeshini. Kuko mama tunayemjua hapa Kimemi ambaye hajui kaburi la mwanawe liko wapi, na akisikia mtu anasema jeshi ni bure anatoka nje. Sisi wenyewe hatukukubali kila neno la Idengo. Alikuwa mkali, mara nyingine mkali kupita kiasi, na katika mji wenye hasira neno linaweza kuwasha moto ambao aliyelisema hakutaka. Tuliona Julai 2022, katika maandamano ya kuikataa MONUSCO, jinsi siku moja Butembo ilivyogeuka mahali pa kuokota maiti, za raia na za walinda amani. Mwimbaji hakuwa sababu ya hayo, lakini tulijifunza kuogopa maneno ya moto, nasi tungependa kumwambia uso kwa uso: ndugu, pale umekosea.

Lakini tungemwambia. Mtu unamwambia, unabishana naye, ukitaka unatunga wimbo wa kumjibu, na kama amevunja sheria unampeleka mbele ya jaji wa raia, mwenye wakili, mchana. Jaji mwenye magwanda anayehukumu raia aliyelaumu magwanda, hapo mizani iko ndani ya mfuko wa mnunuzi. Wachimbaji wanaelewa hiyo bila kufafanuliwa: nani kati yetu anakubali dhahabu yake ipimwe na mizani ya negosiani peke yake?

Kuko na jambo lingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Katiba ile ile, kifungu cha 38 kinatupa sendika na cha 39 kinatupa haki ya kugoma. Chini ya utawala wa kijeshi kila mkutano wetu ulikuwa wa kuomba ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa alikuwa na cheo begani. Kama wimbo unaweza kuitwa kulidharau jeshi, tangazo la mgomo litaitwa nini, hasa katika shimo ambalo kila mtu anajua mwenyewe ni nani na anavaa nini? Tulipomwacha mwimbaji peke yake tulifikiri tunalinda sendika. Tulikuwa tunatoa miti ya kushika shimo letu wenyewe, mti mmoja mmoja.

Turuke mpaka Januari 2025. Idengo alikuwa ndani ya gereza la Munzenze, Goma. Tarehe 27 M23 wakaingia mji, gereza likafunguka, maelfu wakatoka, naye kati yao. Mtu aliyetoka namna hiyo, katika mji ulioshikwa na watu wenye bunduki, angejificha. Tungekuwa sisi tungekuwa chini ya kitanda cha shangazi. Yeye akatafuta kamera.

Alhamisi tarehe 13 Februari 2025 alikuwa anapiga picha za klipu ya wimbo mpya, wimbo wa kuwalaumu wale walioshika mji. Akapigwa risasi. Akafa palepale Goma, na serikali ya Kinshasa ikawanyooshea M23 kidole. Serikali ile ile ambayo majaji wake walimpa miaka kumi ikamlilia. Hatusemi machozi yale yalikuwa ya uongo, tunasema tu kwamba tuliyaona. Sisi hatujasikia mpaka leo mtu amesimama mbele ya jaji kwa kifo hicho. Tunataka uchunguzi, wa watu wasio wa Kinshasa na wasio wa M23, na tunaliandika hapa kwa muhuri wetu, kwa sababu mara ya kwanza muhuri ulibaki mfukoni.

Mkumbuke msomaji: kijana huyu aliimba dhidi ya wakubwa wa upande huu wakamfunga. Akaimba dhidi ya wakubwa wa upande ule, na wimbo ule ukawa wa mwisho. Wale waliosema miaka ile kwamba ni mtu wa waasi, tungependa watueleze ni waasi wa wapi. Alikuwa hana PDG. Ndiyo hiyo tu. Hakuna aliyeweza kumpigia simu amwambie «basi, punguza». Na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyekuwa na kazi ya kumpigia simu amwambie «ndugu, leo usitoke».

Hapo ndipo tunapotaka kufika. Vijana wengi wa Butembo na Beni wanataka kuimba kama yeye sasa. Wanavaa fulana za sura yake. Wanasema wao ni «artiste indépendant» na wanasema kwa kiburi, vizuri. Lakini kujitegemea hakuna maana ya kuwa peke yako. Sisi wachimbaji tulilipa bei kubwa kujifunza hilo. Kabla ya kuingia kwenye koperative, sawa vile sheria ya madini inavyotaka, mtu alikuwa anafukiwa na udongo na wenzake wa timu wanachanga sanduku. Leo bado koperative nyingi ni za wakubwa walioandika majina yetu kwenye orodha. Tunajua, tunapigana nazo kila wiki. Hata hivyo mtu akifa, kuko daftari lenye jina lake. Kuko mtu wa kwenda kuuliza.

Basi tulipendekeza katika mkutano uliofuata, na hapa tunawaambia wote: sendika ifungue kisanduku cha wasanii. Si kikubwa. Hapa kwetu kila mama ana likirimba yake au AVEC yake, hakuna haja ya mtaalamu kutoka mbali kutufundisha kuchanga. Kila timu ya shimo, siku ya kugawana, inaacha sehemu ndogo kabla ya kugawa, sawa vile inaachaka ya mafuta ya pompi. Wenye bar wanaowasha muziki wetu, nao waombwe. Pesa hiyo inafanya kazi tatu tu: wakili siku msanii anakamatwa, dawa siku anaugua, sanduku na nauli siku anakufa. Kuandikisha nyimbo kwa SOCODA, ile shirika ya haki za watunzi iliyoundwa mwaka 2011, tutasaidia kujaza karatasi, ingawa tumeambiwa tusingoje utajiri kutoka huko. Sheria ya haki ya mtunzi iko tangu 1986. Inangoja mtu wa kuidai, sawa vile sheria zetu nyingi.

Sikiliza sasa ubishi uliotokea, maana ulikuwa mzuri kuliko pendekezo lenyewe. Papa mmoja, mchimbaji wa tangu enzi za Zaire, akasema: «Tukiwalipa, na sisi tutakuwa PDG wao. Kesho mumoja ataimba ya kwamba sendika inakula michango, tutamufukuza?» Kukawa kimya. Wengine wakasema bila shaka, hatuwezi kulisha mtu anayetutukana. Wengine wakasema hapana, ndiyo maana ya kitu chenyewe. Tulibishana mpaka mvua ikaanza na watu wa motari wakawa wanataka kwenda. Mwishoni tuliandika mstari mmoja kwenye daftari: kisanduku hakisikilizi wimbo kabla ya kulipa wakili. Walioinua mkono walikuwa kumi na tisa, waliokataa kumi na mmoja. Wale kumi na mmoja hawajaridhika, na tunawapa haki ya kuandika hapa wiki nyingine.

Mama zetu ndio walioweka swali gumu la mwisho. Kuko msichana hapa Butembo, jina lake tunaliacha, anaimba kwenye masoko, anasimama juu ya meza ya muuza samaki, anaigiza askari wa kizuizi akiomba makuta, halafu anaigiza mama anayelipa, halafu anaimba. Watu wanacheka mpaka wanasahau samaki. Hana studio, hana klipu. Mama yake ni mke wa mchimbaji mwenzetu aliyefia shimoni. Akaja kwenye mkutano, akasimama mlangoni, hakukaa. Akauliza: «Mutoto wangu akikamatwa siku ya soko, mutatuma nani, na atafika saa ngapi?»

Hatukuwa na jibu la saa. Tulimpa namba ya simu ya katibu na ya makamu wake, tukamwambia apige yoyote kati ya hizo, mchana au usiku. Akaziandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu, akasema asante, akaenda. Kisanduku kina mpaka leo michango ya timu nne. Timu zilizoko karibu na barabara ya Manguredjipa ambazo hazijaleta, katibu yuko ofisini Jumanne na Ijumaa, asubuhi.